Maji Taka Yanaporudi Nyumbani: Bima na Kinga katika Masasi na Newala

Maji machafu yatokayo chooni, bafuni na jikoni yametengenezewa njia moja tu, nayo ni ya kushuka. Yakishapita sakafuni, mwenye nyumba huyasahau. Lakini katika msimu wa mvua, ambao kusini mwa Tanzania huanza aghalabu mwezi wa Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei, zipo nyumba ambamo maji hayo hugeuka na kupanda. Hububujika kupitia tundu la bafu, huenea vyumbani, huloanisha magodoro na magunia ya chakula, na huacha nyuma yake vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu, pamoja na mayai ya minyoo.

Hasara ya namna hii ni ya mali na ya afya kwa pamoja. Kwa hiyo ni haki mwananchi aulize maswali mawili: Je, hasara hiyo yaweza kukatiwa bima? Na je, yaweza kuzuiwa? Ukichunguza kwa makini utaona kwamba maswali hayo mawili yana jibu moja. Bima imewekwa kwa ajili ya jambo la ghafla lisilojulikana litatokea lini. Ilhali maji taka hurudi, mara nyingi, kwa sababu ambazo zingaliweza kupigiwa hesabu miaka kadhaa kabla.

Miji miwili, ardhi mbili

Masasi na Newala ni majirani katika Mkoa wa Mtwara, lakini hazikujengwa juu ya ardhi ya aina moja. Masasi iko magharibi, chini ya uwanda wa juu wa Makonde, katika nchi ya miamba ya kale sana. Vilima vyake vya mawe, visimamavyo peke yake katikati ya tambarare, ni vichwa vya mwamba uleule ulio chini ya udongo. Katika sehemu kadhaa mchimbaji hukutana na mwamba kabla hajafika mbali, na udongo wa mabondeni huwa na mfinyanzi usiopitisha maji upesi.

Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, mahali ambapo nchi huporomoka kuelekea bonde la mto Ruvuma. Chini yake mna mchanga na mawe ya mchanga yenye kina kirefu. Mvua inyeshapo, maji huzama upesi na kwenda chini sana. Ndiyo sababu uwanda huo, ingawa hupata mvua ya kutosha mikorosho na mihogo, haukubahatika kuwa na mito ya kudumu juu yake. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika jinsi wenyeji walivyoteka maji mbali mabondeni. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza katika miaka ya 1950, ulibuniwa kuondoa taabu hiyo kwa kuyasukuma maji kwa mitambo kutoka chini ya uwanda hadi juu. Kwa upande wa Masasi, mradi wa chemchemi za Mbwinji uliongeza sana maji ya bomba katika miaka ya 2010.

Katika miji hiyo miwili nyumba kwa kawaida haimwagi maji taka yake katika mtandao wa mabomba yapitayo chini ya barabara, kama ilivyo katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam. Kila kiwanja hubeba mzigo wake chenyewe, ama kwa choo cha shimo, ama kwa karo lililounganishwa na shimo la kunyonya. Maji yanaporudi, basi, chanzo chake hakiko mbali. Kimo ndani ya kiwanja, au katika kiwanja cha jirani.

Kazi ya karo na kazi ya shimo

Karo ni tangi la zege au matofali lisilovuja. Maji taka yakiingia humo hutulia kwa muda wa siku moja au zaidi. Vilivyo vizito huzama na kuwa tope. Mafuta na vilivyo vyepesi huelea na kuwa utando. Na katikati hubaki maji yaliyopungua uchafu. Maji hayo ya katikati ndiyo yanayoruhusiwa kutoka na kwenda katika shimo la kunyonya, ambalo kuta zake zina matundu ili ardhi iyapokee.

Hivyo vyombo hivi viwili vina kazi mbili tofauti. Karo hushika tope, na shimo hunywesha ardhi maji. Kila kimoja chaweza kushindwa kwa namna yake. Karo likijaa tope, uchafu mzito husukumwa mpaka kwenye shimo la kunyonya na kuziba vinyweleo vya udongo. Shimo likiziba au likizidiwa, maji hujaa ndani yake, kisha hujaa katika karo, kisha katika bomba, na mwisho hutafuta njia ya kurudi yalikotoka.

Hesabu ya tope

Wataalamu wa usafi wa mazingira hukadiria kwamba mtu mmoja huongeza lita 40 hivi za tope kwa mwaka katika karo lenye maji. Katika choo cha shimo kikavu kiasi hicho hufika lita 60, na pakitupwa mawe, magunzi au matambara huweza kufika lita 90.

Tuchukue nyumba ya watu 6 yenye karo la lita 3,000. Tope lao kwa mwaka ni lita 240. Yapasa karo linyonywe tope linapofika theluthi ya ujazo, yaani lita 1,000. Kwa hesabu hiyo siku ya kunyonya itafika baada ya miaka 4 na miezi michache. Familia hiyo hiyo ikitumia choo cha shimo kikavu, chenye upana wa meta 1 kwa 1 na kina cha meta 3, na ikiacha nusu meta ya juu bila kujazwa, ina nafasi ya lita 2,500. Kwa lita 360 kila mwaka, shimo litatumika karibu miaka 7. Likigeuzwa kuwa jalala, halitafika miaka 5.

Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wazima wapatao milioni 2 kwa njia ya redio na vikundi vya mafunzo, iliwahimiza wananchi kuchimba vyoo. Hilo lilikuwa somo la kwanza. Somo la pili ni kwamba choo kina umri wake, na umri huo wajulikana tangu siku kinapochimbwa.

Hesabu ya udongo

Udongo nao una kiasi chake cha kunywa. Meta mraba moja ya ukuta wa shimo la kunyonya hupokea lita 33 hivi kwa siku ikiwa udongo ni wa mchanga laini au wa kichanga. Katika mfinyanzi ulioshikamana hupokea chini ya lita 10. Sakafu ya shimo haihesabiwi, maana huziba mapema.

Zamani familia ya watu 6 iliyochota maji kwa ndoo yamkini ilitumia lita 20 kwa kila mtu, yaani lita 120 kwa siku. Bomba likiingia ndani, pamoja na choo cha kuvuta maji na bafu la mvua, matumizi yakafika lita 60 kwa mtu, jumla huwa lita 360. Katika mchanga wa Newala maji hayo yahitaji ukuta wa meta mraba 11. Shimo la duara lenye upana wa meta 1.5 latosha likiwa na kina cha meta 2.3. Katika mfinyanzi wa bonde la Masasi yahitaji meta mraba 36 au zaidi. Shimo la upana uleule lingepaswa kushuka meta 7 na nusu, mahali ambapo pengine mwamba umeshakutwa katika meta ya pili.

Hapa pana fumbo ambalo wenye nyumba wengi hawajalitambua. Bomba la maji safi ndilo linalofungua mlango wa maji taka. Shimo lililotumika miaka mingi bila matata kwa maji ya ndoo huanza kurudisha maji miezi michache baada ya bomba kuingizwa, na fundi hulaumiwa bure. Aletaye maji ndani hana budi, siku hiyo hiyo, kupanua njia ya kuyatoa. Penye mfinyanzi au mwamba wa karibu, dawa si kuchimba zaidi kwenda chini, bali ni kuchimba mitaro mirefu ya kunyonya isiyo na kina, iliyojazwa kokoto, au kuongeza shimo la pili mbali na la kwanza.

Hesabu ya mvua

Paa la bati lenye eneo la meta mraba 100 likinyeshewa mvua ya milimeta 50, hukusanya lita 5,000 za maji. Kiasi hicho chapita ujazo wote wa karo la lita 3,000 tulilolitaja. Mwenye nyumba anayeelekeza mfereji wa bati kwenye chemba ya maji taka, akidhani anauondoa usumbufu uani, amejitengenezea mafuriko kwa mkono wake. Katika nchi ambayo maji hupandishwa mlimani kwa mitambo ya gharama, ni upotevu pia. Maji ya paa yaongozwe kwenye tangi lake, na yatakayozidi yaelekezwe mbali na karo na shimo.

Mvua hudhuru kwa njia nyingine vilevile. Udongo ulioshiba maji hauwezi kupokea mengine, na mashimo yaliyo bondeni huingiliwa na maji ya ardhini kutoka pembeni. Kwa sababu hiyo shimo lililofanya kazi vema mwezi wa Septemba laweza kushindwa mwezi wa Machi.

Mahali maji yatokeapo

Maji katika vyombo vilivyounganishwa husimama usawa mmoja. Karo likijaa, maji hupanda ndani ya mabomba yote kwa pamoja, na hutokea kwanza katika tundu lililo chini kuliko mengine. Ndani ya nyumba, tundu hilo kwa kawaida ni la sakafu ya bafu.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo ngao ya mwenye nyumba. Mfuniko wa chemba ya nje ukiwa chini ya tundu la bafu kwa sentimeta 15 au zaidi, maji yakizidi yatamwagika uani kabla hayajafika chumbani. Kumwagika uani si jambo jema, lakini ni onyo linaloonekana mapema, na huokoa magodoro na chakula. Jambo hili halina gharama likipangwa wakati wa kuweka msingi. Baada ya nyumba kusimama huwa ghali. Penye nyumba iliyokwisha kujengwa chini, fundi aweza kuweka katika bomba valvu yenye kilango kinachofunguka upande wa nje tu. Yafaa ikumbukwe kwamba valvu hiyo husafishwa mara kwa mara, na kwamba ikiwa imejifunga, watu wa nyumbani wasimwage maji, kwani maji yao wenyewe hayatakuwa na pa kwenda.

Bima yaweza nini?

Bima ni ushirika wa bahati mbaya. Tuseme nyumba 500 zimejiunga, na kila mwaka nyumba 5 kati yake, zisizojulikana mapema, hupata hasara ya shilingi 400,000 kila moja. Hasara yote ni shilingi 2,000,000, na kila nyumba ikitoa shilingi 4,000, pamoja na gharama za uendeshaji, waliopatwa watafidiwa. Lakini tuseme nyumba zilizo mahali pa juu zimekataa kujiunga, zikabaki 50 tu zilizo bondeni, na hasara zote 5 zatoka humo. Hapo kila moja itatakiwa shilingi 40,000. Na kama nyumba fulani hufurika kila mwaka bila kukosa, ada yake ya haki ni shilingi 400,000 kamili. Huko si kukata bima tena, bali ni kulipia hasara mapema.

Hii ndiyo sababu kampuni za bima duniani huiogopa hasara ya maji taka. Marekani, hati ya kawaida ya bima ya nyumba huiondoa, na mwenye kuitaka huinunua kwa ada ya ziada. Ujerumani, bima ya maafa ya asili yaweza kuihusisha, lakini mwenye nyumba hutakiwa awe na valvu ya kuzuia maji kurudi, tena iliyotunzwa vizuri.

Nchini Tanzania, Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na kuanzia mwaka 1967 likawa peke yake katika biashara hiyo, hadi sheria ya mwaka 1996 ilipowafungulia wengine mlango. Sheria ya mwaka 2009 iliiweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo ndiyo inayozisimamia kampuni zote. Bima ya nyumba hutaja moto, radi na mlipuko. Mara nyingi huongezwa dhoruba, mafuriko na kupasuka kwa matangi na mabomba ya maji. Huondolewa uchakavu, kasoro ya ujenzi na uharibifu wa polepole. Msomaji na azingatie tofauti ya maneno: bomba la maji lililopasuka si karo lililojaa, na mafuriko ya mto si maji yaliyopanda kutoka bafuni.

Kwa hiyo mwenye kukata bima, au aliyekatiwa na benki kwa sababu ya mkopo wa nyumba, yampasa aulize mambo manne kabla ya kutia sahihi, na majibu ayapate kwa maandishi. Je, kurudi kwa maji taka kumetajwa kwa jina lake? Je, vyombo vya ndani vimo, au ni jengo peke yake? Ni kiasi gani cha hasara atakachobeba mwenyewe? Na je, akimwagia maji taka jirani, nani atamlipa jirani huyo? Pia atunze stakabadhi za kunyonya karo, kwani mwenye ushahidi wa matunzo ndiye mwenye nguvu siku ya madai.

Nyumba isiyorudisha maji

Mkazi wa Newala aweza kuyasoma haya yote na kujiona yu salama, kwa kuwa mchanga wake hunywa kila kitu. Lakini maji yaliyozama hayakutoweka. Mchanga mkavu wenye unene wa meta 2 au zaidi huchuja sehemu kubwa ya vijidudu, lakini hauizuii nitrati itokanayo na mkojo na kinyesi. Hiyo huyeyuka na kushuka pamoja na maji, na maji yashukayo ndani ya uwanda hutokea tena chini yake, katika chemchemi na visima vya mabondeni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati katika lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya chupa, ambao damu yao hushindwa kubeba hewa ipasavyo.

Ndiyo kusema, Masasi maji taka humrudia mwenyewe upesi, akayaona. Newala yaweza kuwarudia watu wengine, baada ya muda mrefu, bila kuonekana. Hasara hii ya pili hakuna hati ya bima inayoifidia. Kinga yake ni karo linalonyonywa kwa wakati, shimo lililo meta 30 au zaidi kutoka kisimani, na vyanzo vya maji vilivyoachwa bila makazi. Tena, katika mchanga shimo lijengewe kuta, maana lisipojengewa hubomoka.

Wakati wa kutenda

Msimu wa korosho ndio unaofaa kwa kazi hii. Mauzo huanza karibu na mwezi wa Oktoba. Fedha zimo mikononi, ardhi ni kavu, na mvua ingali mbele. Mfuniko ufunguliwe na tope lipimwe kwa mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe. Sehemu iliyopakaa tope huonyesha kimo chake. Nyumba kumi za mtaa mmoja zikichanga kidogo kidogo kila mwezi, kwa kikundi au chama cha kuweka na kukopa, zaweza kuliita gari la kunyonya kwa safari moja badala ya kumi. Mfuko huo mdogo ni bima ya kweli, kwani nao ni ushirika. Tofauti yake ni kwamba hulipa kabla ya hasara.

Mambo mawili ni mwiko. La kwanza ni kutapisha choo wakati wa mvua, yaani kutoboa shimo ili uchafu uchukuliwe na maji. Atapishaye huukabidhi ugonjwa kwa walio chini yake. La pili ni mtu kuingia ndani ya karo au shimo kwa kusudi la kuzibua. Humo mna gesi ya haidrojeni salfaidi na upungufu wa hewa, na gesi hiyo ikizidi huua uwezo wa pua kuinusa. Watu wamekufa wawili na watatu kwa zamu, kila mmoja akishuka kumwokoa aliyetangulia. Kazi hiyo ifanywe kutoka juu, kwa bomba na pampu.

Mwenye nyumba akijua idadi ya watu wake, ujazo wa karo lake, aina ya udongo wake na tarehe lilipocheuliwa mara ya mwisho, anajua takriban ni lini maji yatarudi. Jambo linalojulikana hivyo si ajali. Bima na ibaki kwa yale ambayo kalamu haiwezi kuyahesabu.